Baba Alipouma Bisibisi

Juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Mountain View nikimngoja mtu, lori kuukuu likapita likipanda mlima kutoka upande wa Kangemi, limejifunika moshi mweupe. Nyinyi wa rika langu mnaujua moshi ule, wa dizeli ambayo haijaungua vizuri. Huuma macho kwanza, halafu hukaa kooni. Watu wote walifunika pua. Mimi, msinicheke, niliuvuta. Nikajisikia nikisema kwa sauti kwamba pampu ya hilo lori imechelewa. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akaniangalia, akaangalia viatu vyangu vya ofisi, kisha akasogea kidogo. Wala sikumlaumu.

Baba yangu alikuwa fundi wa malori ya zamani, yale yasiyo na kompyuta. Gereji yao ilikuwa uwanja tu chini ya barabara kubwa ya Kangemi, udongo umekuwa mweusi kwa oili, mabati machache ya kujikinga mvua, na mafundi kila mmoja na kona yake. Hakuna aliyekuwa na kibao chenye maandishi. Dereva alikuja kwa jina alilopewa na dereva mwingine, na jina likiharibika unabaki na spana zako na jua. Jina la Baba lilikuwa la pampu. Watu walitoka mpaka Kitui na Embu kumletea lori ambalo lilishawashinda mafundi wengine.

Pampu ya dizeli kazi yake ni moja, kurusha mafuta ndani ya injini wakati wake ukifika. Ikirusha kwa kuchelewa, lori halina nguvu, asubuhi haliwaki, na ndiyo unaona moshi mweupe. Ikirusha mapema, injini inagonga ko ko ko, na dereva asiyejua hufurahi akidhani amepata nguvu, mpaka siku pistoni inapasuka njiani na mzigo juu. Kuna alama za kuonyesha pampu ikae wapi, sawa. Lakini lori likishazunguka nchi hii miaka mingi, gia zimelika, vipuri vimetolewa huku na kule, na alama zinadanganya. Hapo inabaki sikio. Baba aliweka pampu kwa alama, akawasha, kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha yake juu ya injini na mpini sikioni, akasikiliza ameinama vile daktari humsikiliza mtoto kifua. Akizima, alilegeza nati, akaisogeza pampu kwa mkono kidogo sana, akakaza, akawasha tena. Akitabasamu, ujue lori limepona.

Sasa nirudi nyumbani kwetu, maana huko ndiko nilikoanza kuelewa mambo vibaya. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja Kangemi, pazia katikati. Mama alisuka nywele Kenyatta Market, alitoka asubuhi na mapema na kurudi jioni vidole vimevimba. Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, nilianza kuona kwamba Baba hamjibu Mama. Mama anauliza kama atakula sasa au baadaye, kimya. Anauliza mara ya pili kwa sauti, Baba anageuka polepole kama mtu aliyeamshwa, anasema, "Nini?" Mama anasonya. Ikawa Mama anapiga meza kwa kijiko ndiyo Baba amtazame. Redio nayo Baba aliifungulia mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nilikuwa na akili ya mtoto anayejiona mjanja. Nikaamua wazazi wangu wamekosana na wanaelekea kuachana, kama wazazi wa rafiki yangu mmoja darasani, ambaye baadaye alipelekwa kwa nyanyake na hatukumwona tena. Nililala nikiogopa. Niliamka nikiogopa.

Shule zilipofungwa, Mama akaniambia nisibaki nyumbani, niende gereji na Baba. Alinishika kidevu akasema, "Kaa karibu na babako. Usiende mbali na yeye." Nikajua kazi yangu. Mama ananituma nimrudishe Baba nyumbani kimoyo. Nikajiambia kwamba nikiwa mtoto mzuri sana, mwenye kusaidia sana, hatakuwa na sababu ya kutuacha. Hakuna mtoto aliyewahi kwenda gereji na mzigo mzito kama ule.

Baba alinifurahia, hilo siwezi kumnyima. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu nilipewa jina la mamake. "Mwaitu, kuja uone," alisema, nami nikaruka. Kazi aliyonipa ilikuwa ya tone. Kabla ya kuwasha, alifungua bomba la kwanza juu ya pampu na kufunga pale kijibomba kilichopinda. Yeye akaenda mbele, akazungusha injini polepole kwa spana ndefu, na mimi nikakodolea macho kile kijibomba. Dizeli ilitiririka, ikapungua ikawa matone, matone yakaanza kuchelewa, mpaka likabaki moja limening'inia na halianguki. Hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma, na hapo hapo injini lazima isimame ili uangalie alama. Usipitishe hata upana wa ukucha. Ukipitisha huwezi kurudisha nyuma, kwa sababu meno ya gia yana nafasi katikati na utakuwa unajidanganya. Unaanza upya.

Siku ya kwanza tone lilipokatika nikasema basi. Baba akaendelea kuzungusha. Nikasema basi kwa nguvu. Akapitisha. Akaja amekasirika, mikono imejaa grisi.

"Mbona husemi?"

"Nimesema, Baba."

"Sema kama mtu."

Tukaanza upya, nikapiga kelele mpaka fundi wa kona ya pili akageuka, na bado Baba akapitisha. Machozi yakanitoka. Niliamini sauti yangu ni mbovu, kwamba nimepewa kazi ndogo namna ile na imenishinda, na jioni Baba atamwambia Mama huyu mtoto hafai. Baba alinitazama nikilia, akafuta mikono. Kisha akatafuta spana nyingine ndefu zaidi ili aweze kuzungusha akiwa amechutama karibu yangu, akachukua mkono wangu akauweka begani mwake. Akasema nisisumbuke kusema. Tone likikatika, nimfinye.

Ilifanya kazi mara moja. Wacha niwaambie ukweli, sijawahi kupendwa na mtu kama nilivyojiona nimependwa wiki zile, nimesimama na mkono wangu juu ya ovaroli ya Baba, yeye akizungusha, mimi nikimfinya, yeye akisimama papo hapo. Nilimwambia Mama kila jioni. Mama alisikiliza akikanda vidole vyake kwa maji moto, na sikuelewa kwa nini uso wake haukufurahi.

Halafu kukawa na jambo la bisibisi. Baba aliacha kuiweka sikioni. Aliweka ncha juu ya injini kama kawaida, lakini mpini akauuma kwa meno, akafumba macho. Madereva walicheka mwanzoni, halafu wakazoea, wakasema huyu fundi sasa anaonja injini. Mimi nilijivunia. Nyumbani nilichukua kijiko cha mbao nikakiuma, ncha nikaiegemeza kwa sufuria ya maharagwe, na lo, maharagwe yakaanza kutokota ndani ya kichwa changu. Nikajua Baba amegundua njia bora kuliko sikio. Niliwatangazia watoto wa vyumba vyote vya ploti yetu, na jioni moja tulikuwa tumejipanga tumeuma vijiko mbele ya jiko la jirani mpaka akatufukuza.

Lakini malori yakaanza kurudi. Moja lilirudi na moshi mweupe. Lingine lilirudi likivutwa kwa mnyororo, injini imekufa, na mwenye lori hakutukana, alimwangalia Baba tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Njoro, kijana wa kona ya pili, akaanza kusimama njiani akiwasalimia madereva kabla hawajafika kwetu. "Sasa mkubwa, leta hapa tuione," aliwaambia. Baba alikaa juu ya tairi kuukuu tangu asubuhi na hakuna aliyekuja. Mikono yake ilikuwa misafi, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alianza kuongea peke yake. Chai aliyonunua ilipoa kikombeni. Siku moja nilimkuta amewasha injini kuukuu iliyowekwa tu chini kwa mawe, injini isiyo ya mtu, ameuma bisibisi juu yake, anaisogeza pampu huku na kule, anawasha, anazima, anawasha, na jasho linamtiririka mpaka shingoni. Alikuwa anatafuta kitu. Nilikaa chini nikaomba Mungu akipate, ingawa sikujua ni nini.

Ndipo akaja Bwana Salim. Alikuwa mtu wa Pwani, mwenye duka la saruji na mabati kule mjini, upande wa msikiti, na lori lake Baba alilitengeneza tangu sijazaliwa. Alikuja mwenyewe, kanzu safi, akikanyaga oili kwa uangalifu. Akamsalimia Baba kwa heshima na kumuuliza hali ya nyumbani, kisha akaeleza kwamba injini ilikuwa imefunguliwa yote na fundi mwingine, imerudishwa, na sasa lori halipandi mlima hata likiwa tupu. Akasema, "Fundi, nimeambiwa nisije kwako. Nimekuja."

Baba aliangalia midomo ya Bwana Salim kwa makini yule mtu alipokuwa akisema. Kisha akaitikia kwa kichwa, akavaa ovaroli. Nilijua, kila mtu pale uwanjani alijua, kwamba lori hili likienda vizuri madereva watarudi, na likirudi na moshi basi kona yetu imekwisha. Njoro alikuwa akikata chuma kwa grainda lakini macho yake yalikuwa kwetu. Kwangu mimi kona ikiisha, Baba ataondoka, na sisi tutagawanywa kama familia ya yule rafiki yangu wa darasani.

Tulifanya kila kitu sawasawa. Nilisimama na mkono begani, nikalitazama tone bila kupepesa, likakatika, nikamfinya, akasimama. Alama ikaangaliwa, pampu ikakazwa, bomba likarudishwa. Hatukukosea hata kidogo. Tusichojua ni kwamba yule fundi mwingine alipokuwa akirudisha injini aliweka poli ya mbele, lile gurudumu lenye alama, iliyotoka kwa lori jingine, na alama tuliyoiamini ilikuwa ya injini ambayo haikuwepo. Mtu mwenye masikio angelijua kosa hilo lori likiwaka tu.

Liliwaka. Jamani, liligonga. Halikugonga kama ugonjwa mdogo, liligonga kama watu wanavunja mlango. Bwana Salim aliweka mikono masikioni. Dereva wake akarudi nyuma. Njoro alipaza sauti akisema zima, zima, itapasuka. Na Baba, katikati ya kelele ile, aliweka bisibisi juu ya injini, akauma mpini, akafumba macho. Akautoa mdomoni, akaufuta kwa ovaroli, akauma tena kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akahamisha ncha mahali pengine. Akauma tena. Kisha akafumbua macho na kunitafuta. Akaniuliza kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote:

"Inagonga?"

Niliona Njoro amefunga mdomo wake. Na yote yakanijia kwa pamoja, kijiko mezani, redio, "Nini?" ya jioni, sauti yangu ambayo haikuwa mbovu, mkono begani. Baba hakuwa amemchukia Mama. Baba alikuwa hasikii.

"Inagonga, Baba," nikasema. Alikuwa akiitazama midomo yangu.

"Sana?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono akazima injini mwenyewe. Bwana Salim akasema polepole nyuma yake, "Fundi, kwani husikii?"

Baba hakugeuka. Alikuwa anatafuta spana kwenye sanduku. Basi kila mtu akawa amepata jibu, na Bwana Salim akainamisha kichwa.

Ningekuwa mimi ningeacha vyombo pale niende nyumbani. Baba hakuacha. Alinivuta akaniweka mahali ambapo angeuona uso wangu, akalegeza nati, akaisogeza pampu nje kidogo, akakaza, akawasha, akanitazama. Inagonga. Nikatikisa kichwa kumwonyesha bado. Akazima, akalegeza, akasogeza. Mimi nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimezisikia injini zake zikipona likizo nzima, lakini kusikia ni kitu kimoja na kuaminiwa na mtu mzima anayezama ni kitu kingine. Nilitaka Mama awe pale. Nilitaka mtu yeyote mkubwa aseme badala yangu. Njoro alizima grainda yake, kisha akawaashiria wa kona nyingine nao wazime, na uwanja mzima ukasimamisha kazi ili nisikie. Hakuna aliyecheka. Baba akawasha tena, na tena, mpaka safari moja kugonga kukalainika, kukawa mngurumo tu, mzito, wa chini, usio na haraka. Ule wenyewe. Nikainua mikono yote miwili. Baba aliitazama mikono yangu kwa muda, kisha akaanza kukusanya spana.

Lori lilienda, likapanda mlima wa barabara kubwa bila moshi, na Bwana Salim alirudi kesho yake tu kusema asante. Alimwombea Baba dua, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakumletea lori tena. Hakuna aliyemfukuza Baba pale gereji, hilo naomba lieleweke, watu walikuwa na huruma hata wakaona aibu kupita karibu na kona yetu. Waliacha tu kuleta. Hospitali ilisema mishipa ya masikio imekufa kwa miaka ya kelele, na Mama, aliyelijua jambo hilo kabla ya sisi wote, alikuwa amembembeleza aende mapema akakataa, kwa sababu fundi akionekana kwa foleni ya masikio nani atampa pampu. Baba alirudi Ukambani. Sasa anafuga mbuzi na tunaandikiana kwa simu, yeye herufi kubwa tupu. Wazazi wangu hawakuachana. Nililiogopa jambo ambalo halikuwepo na nikalipita lililokuwepo kila siku.

Lakini niwaambie ya jioni ile, tulipokuwa tukienda nyumbani, maana ndiyo ninayoibeba. Tulitembea kando ya Waiyaki Way, magari yakipita kwa kasi na vumbi. Tulipofika mahali penye nafasi kidogo Baba akasimama.

"Ilipopona," akasema, "ililia aje?"

"Vizuri, Baba."

"Vizuri aje?"

Nilitafuta neno. Nimekwenda shule nyingi tangu siku ile na bado sijalipata. Baba akanisubiri, uso wake ukiwa karibu na wangu, macho mekundu kwa moshi, na nikaona kwamba hili analitaka kuliko chakula. Basi nikafanya ile sauti kwa mdomo. Nilianza kwa aibu. Akatikisa kichwa, akainama, akaniletea sikio la kulia, lile lililokuwa na uhai kidogo, mpaka likagusa midomo yangu. Nikanguruma kwa nguvu zangu zote, mngurumo wa chini, mzito, usio na haraka. Watu waliokuwa wakitoka kazini Muthangari walitupita wakicheka, na mmoja akasema huyu mtoto ana nini. Sikujali. Nilinguruma mpaka pumzi ikaniishia na koo likawaka, nikanyamaza.

Baba hakunyanyuka. Alibaki ameinama pale kando ya barabara, amefumba macho, akiitikia kwa kichwa taratibu, akiendelea kusikiliza.